Kasha Dogo, Nguvu Nyingi

Mpiga gitaa la besi hapendi kuambiwa kwamba hasikiki. Mwaka 2005, katika harusi moja Njoro, niliunganisha amplifaya ya wati 300 na kasha dogo la spika la wati 150. Kasha lilikuwa la mjomba, naye alilikodisha kila Jumamosi kwa riziki yake. Magitaa mawili ya benga yalinizidi. Nikapandisha sauti, kisha nikazungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Keki haijakatwa, harufu ya waya ulioungua ikatanda hemani.

"Kijana, ungepiga kwa kiasi, wati 300 zisingekudhuru," fundi mmoja mjini Nakuru aliniambia, huku akiisukuma koni kwa vidole. Ilikwaruza. "Umeiua kwa kitufe cha besi." Kumbe kila desibeli 3 zinazoongezwa huidai amplifaya nguvu maradufu, na desibeli 10 huidai mara kumi! Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Kasha dogo haliitoi vyema sauti hiyo hata likilazimishwa, na nguvu karibu yote huishia kuwa joto. Nilipotaja kuongeza kasha la pili la omu 8 sambamba na la kwanza, alinionya kuwa kwa pamoja yangekuwa omu 4, nikasome kwanza nyuma ya amplifaya kama inazistahimili.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza bei ya koili, akanyamaza. Nilimlipa kwa awamu tatu kutoka fedha zangu za chakula chuoni. Muhula ule wote nilipiga benga nikiwa nimepunguza besi na kupandisha sauti za kati, na kwa mara ya kwanza watu wakanisikia.