Akina Mama, Tununue Sabuni Pamoja



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za ndoa, malezi na mapishi. Mwezi huu tunaomba nafasi tuzungumzie jambo ambalo kila mama huliwaza kila wiki, ingawa ni nadra kulisikia likitajwa kwenye mkutano wa wanawake: sabuni ya kufulia, karatasi za chooni na taulo za kike. Haviliwi mezani, lakini vinapokosekana nyumba nzima hujua.

Sisi ni akina mama wa usharika mmoja mkoani Njombe, mbali na lami. Maduka ya jumla yako Makambako, pale ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA inapita. Huku kwetu tuna maduka madogo. Sabuni ya unga inaning'inia mlangoni, vipakiti vimeshikana kama shanga. Mche wa sabuni umekwisha kukatwa vipande. Tishu huuzwa moja moja. Wala kukaa karibu na miti hakujatusaidia. Msitu wa Sao Hill uko wilaya jirani ya Mufindi, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko huko huko, lakini kile hutengeneza zaidi karatasi ngumu za vifungashio. Ya chooni hutufikia kwa safari ndefu, na kila mkono inakopitia huongeza kidogo.

Mama zetu hutuambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa adimu nchini, watu wakapanga foleni kuisubiri, na wengine wakafulia majani ya mpapai. Leo hatuna shida hiyo. Sabuni ipo kila duka. Shida yetu ni kipimo: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa sabuni ile ile.

Tufanye hesabu

Bei hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo chukueni hesabu hii kama mfano, kisha wekeni bei za kwenu. Tuseme kipakiti cha gramu 40 ni shilingi 300. Vipakiti 25 hufanya kilo moja, nayo ni shilingi 7,500. Mfuko wa kilo moja kwa bei ya jumla mjini tuseme ni shilingi 5,500. Tofauti ni shilingi 2,000 kwa kila kilo.

Lakini mama asikimbilie basi! Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 16,000, atakayefuata kilo moja amepata hasara kubwa. Ndiyo maana shauri la kwenda kununua mjini kwa bei nafuu halimfai mama wa kijijini akiwa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuwe akina mama 20, kila mmoja aagize kilo mbili. Ni kilo 40. Anakwenda mmoja tu, nauli yake shilingi 16,000 na usafiri wa mzigo shilingi 4,000, jumla 20,000. Kila kilo imebeba shilingi 500 za safari, na inafika nyumbani kwa shilingi 6,000 badala ya 7,500. Safari hiyo hiyo ikibeba pia miche ya sabuni, tishu na taulo za kike, mzigo wa nauli unazidi kuwa mwepesi. Sisi tumeona faida ya kupatana na malori yanayokuja kuchukua viazi. Mara nyingi huja yakiwa na nafasi, na dereva hutoza kidogo kuliko basi.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Sisi wauguzi tunalitazama jambo hili kwa jicho jingine pia. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama kwa homa ya uzazi vikapungua sana wodini mwake. Leo hakuna ubishi kwamba usafi ni tiba.

Chukueni mfano wa upele. Mama mmoja alimleta mtoto zahanati mara tatu kwa ugonjwa huo huo. Dawa alipewa, akapaka vizuri, na mtoto akapona kisha akaugua tena. Tulipomwuliza habari za nyumbani, alisema amefua nguo za mgonjwa kwa kipakiti kimoja, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na cha pili. Nguo za wadogo zake na mashuka wanayochangia zilisubiri kipakiti cha wiki ijayo. Upele hauponi hivyo. Watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja, na nguo na mashuka yaliyotumika siku zile hufuliwa siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichoweza kufuliwa hufungwa kwenye mfuko kwa wiki moja, maana vijidudu vile havidumu siku nyingi nje ya mwili. Kazi ya namna hiyo inahitaji sabuni nyingi kwa siku moja, na hilo ndilo asilokuwa nalo mama wa kipakiti.

Mama yule hakuwa mvivu wala mchafu. Alikosa fedha za kuanzia tu.

Asiyekuwa na fedha ya kwanza

Hapa ndipo mkutano wetu ulipokuwa mgumu. Wengine walisema biashara ni biashara, atakayelipa kabla ndiye ataletewa. Wengine wakauliza: kama ni hivyo, tunamsaidia nani? Wenye mshahara wa mwisho wa mwezi watapata sabuni ya shilingi 6,000, na mjane atabaki na ile ya 7,500. Tulisoma Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Kanisa liliteua watu saba wenye sifa njema wasimamie mgawo.

Ndipo mmoja wetu alipotuonyesha jambo lililokuwa wazi. Mama wa kipakiti analipa tayari! Akinunua kipakiti kila baada ya siku moja, kwa siku 50 atakuwa ametoa shilingi 7,500. Hana upungufu wa kulipa, ila hawezi kuzitoa zote kwa pamoja. Basi tukakubaliana kumpa kilo ya kwanza, naye alete shilingi 300 zile zile siku zile zile alizokuwa akizipeleka dukani. Baada ya siku 40 amemaliza shilingi 6,000, na bado ana sabuni ya siku 10. Fedha ya vipakiti 5 vilivyosalia ni yake, na ndiyo mwanzo wa kulipia kilo ya pili.

Fedha ya kuanzia tuliipata kwa kila mwenye uwezo kuongeza shilingi 500 katika maagizo yake matatu ya kwanza. Kwa akina mama 16 ni shilingi 24,000, yaani kilo nne za kuanzia. Si sadaka ya kumwaibisha mtu, maana inarudi na kwenda kwa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusitegemee kwamba nafuu itashuka yenyewe kutoka juu. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka kama ilivyokusudiwa. Nafuu ya sokoni hupotelea njiani kabla ya kumfikia anayenunua kidogo. Binti zetu wanaokwenda shule wanahitaji pakiti kila mwezi bila kukosa, kwa hiyo kwetu taulo za kike huandikwa za kwanza kwenye orodha.

Na mwenye duka je?

Swali hili lilitoka kwa mke wa mwenye duka, ambaye ni mwimbaji mwenzetu wa kwaya. Aliuliza kwa upole, “Na sisi tule nini?” Ni swali la haki. Duka lile ndilo linalotukopesha chumvi usiku na mafuta ya taa mvua inaponyesha.

Tulikaa na mumewe. Tulimwomba aagize sabuni yetu pamoja na mzigo wake, kwa faida ndogo, kwa kuwa tunalipa mapema na hakuna kitakachokaa rafuni. Alikubali kwa sabuni za miche na tishu, akakataa kwa sabuni ya unga. Basi ya unga tunaifuata wenyewe mara moja kila miezi miwili, na vingine vyote tunanunua kwake. Amani ya kijiji nayo ina thamani yake, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

Mambo ya kuangalia wakati wa kununua

Tishu: Msidanganywe na wingi wa mizunguko. Roli nyingine huzungushwa kwa ulegevu, na kigogo cha katikati ni kinene. Ipimeni kwenye mizani dukani, kisha linganisheni uzito na bei. Ihifadhini juu, mbali na unyevu, panya na mafuta ya taa. Kama fedha haitoshi kununua tishu na sabuni, chukueni sabuni. Maji hutosha chooni, lakini mikono baada ya choo na kabla ya kushika chakula inahitaji sabuni.

Mche wa sabuni: Sabuni mpya ina maji mengi. Ikateni ikiwa bado laini, pangeni vipande vyenye nafasi kati yake kivulini, na viacheni vikauke wiki mbili au tatu. Kipande kikavu hakiyeyuki upesi kwenye beseni. Hii ndiyo faida kubwa ya kununua mapema.

Sabuni ya unga: Mfuko mkubwa una kishawishi, mkono huwa mwepesi kumimina. Mimineni kipakiti kimoja cha zamani kwenye kikombe, wekeni alama, na hicho ndicho kiwe kipimo chenu. Hesabu yote ya hapo juu huharibika mama akimimina kwa kukisia. Fungeni mfuko vizuri, maana unga ulioshika unyevu huganda.

Dawa ya klorini ya madoa, ambayo wengi huiita jiki: Usinunue ya mwaka mzima. Hupoteza nguvu ikikaa, hasa penye joto na mwanga. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu au dawa nyingine ya choo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu.

Na hili tunaliomba kwa machozi: jiki, sabuni ya maji na magadi makali ya kutengenezea sabuni yasiwekwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma kilichomo. Akinywa magadi hayo au jiki, usimtapishe, maana vitaunguza koo mara ya pili. Msuuze mdomo kwa maji, mpeleke hospitali mara moja, na chukua chupa ile uende nayo.

Daftari na mizani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunao watatu: mmoja hupokea fedha, mwingine huandika, wa tatu hununua, na kila baada ya miezi minne hubadilishana. Fedha ikitumwa kwa simu, makato nayo huandikwa. Risiti husomwa mbele ya wote kabla mfuko haujafunguliwa. Tunapogawa, mizani huwekwa katikati ya meza kila mtu aione, kwa kuwa Mithali zatuambia wazi jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Anayegawa huchukua fungu lake la mwisho.

Wapendwa, yule mwanamke wa Mithali 31 anafananishwa na meli za wafanyabiashara, kwa vile analeta mahitaji ya nyumba yake kutoka mbali. Na wengi wetu tukimsoma tunajisikia wadogo, maana hatuna meli wala nauli. Lakini sura hiyo hiyo inasema anamnyoshea maskini mkono wake. Tukiwa 20 tunaweza kuyafanya yote mawili kwa safari moja.

Basi mkutano ujao wa akina mama, baada ya sala na kabla ya chai, ombeni dakika 20. Kila mmoja aandike kwenye karatasi ametumia kiasi gani kwa sabuni mwezi uliopita, bila jina. Jumlisheni. Mkishaiona jumla hiyo, mwulizeni pia nani hakuja mkutanoni kwa sababu nguo yake ya kanisani haijafuliwa, kisha anzeni na yeye.

Bwana azibariki nyumba zenu.