Mdomo Uliokufa Ganzi

Tulipong'olewa jino la mwisho la taya la chini, mdomo na kidevu vilikufa ganzi upande mmoja. Siku zikapita, ganzi isitoke. Tukanywa chai ya moto, tukaungua bila kujua. Tukaogopa: katekista asiyesikia mdomo wake atafundishaje watoto?

Mganga alitueleza kwamba mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa wa taya, karibu na mizizi ya jino lile, kisha hutokea kidevuni. Akatufumbisha macho. Akagusa kwa pamba, akachoma kidogo kwa sindano, kwanza upande mzima, halafu ule mgonjwa. Tena akaweka ncha mbili za bikari, akazisogeza polepole, akiuliza: “Moja au mbili?” Kipimo hicho Weber, mtaalamu Mjerumani, alikiandika mwaka 1834.

Tulitamani kujibu “mbili”, tumpendeze. Lakini hapo mganga hana shahidi ila mgonjwa mwenyewe. Tukasema: “Hatusikii kitu.” Akachora mpaka wa ganzi kwa wino, akaupima.

Mwezi wa pili mpaka ulikuwa umepungua. Tungalidanganya siku ile, nani angalijua kwamba tunapona?