Tulipoangalia "Petit Pays" na Watoto



Ndugu wasomaji, safari hii hatuandiki habari za ndoa wala za masomo, tunaandika habari za filamu. Wapo watakaouliza filamu inahusu nini katika ukurasa wa familia. Sisi wenyewe tungeuliza hivyo hivyo kabla ya jioni ile sebuleni kwetu, hapa Nyamirambo.

Kitabu wengi wenu mnakijua. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, alikitoa mwaka 2016 kwa jina la Petit Pays, yaani nchi ndogo. Mwaka huo huo kilipata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Kinamhusu Gabriel, mtoto wa miaka kumi anayeishi Bujumbura na wazazi wake na dada yake Ana, mpaka Rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993, na miezi michache baadaye yanatokea huku Rwanda Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi.

Binti yetu mkubwa alikisoma mara tatu, na kila aliposoma alimsimulia mdogo wake vipande vya kuchekesha. Kile cha watoto waliochuma maembe ya jirani yao Mgiriki halafu wakaenda kumuuzia mwenyewe maembe yake kilituchekesha nyumba nzima. Kulikuwa pia na mamba wa sherehe ya kuzaliwa kwa Gabriel. Mdogo akataka kujua kama nyama ya mamba ni halali. Tukamwambia amuulize shekhe, naye akamuuliza kweli, mbele za watu, baada ya swala ya Ijumaa. Kwa hiyo kitabu hiki kilikuwa kama mtu wa nyumbani.

Filamu yake ilitoka mwaka 2020, ikiongozwa na Éric Barbier. Tuliipata baadaye, tukaweka kompyuta mezani, tukakaa wote pamoja na Bibi.

Bibi ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Alihamia Kigali na wanawe mwishoni mwa 1994. Hata dakika kumi hazijapita akasema, "Hilo si ziwa letu." Na kweli si lenyewe. Burundi ilikuwa na misukosuko tangu 2015, na filamu ikapigwa upande huu wa Rwanda, Gisenyi, kando ya Kivu. Kivu ni ziwa zuri, lakini halina kiboko wala mamba, na aliyekulia Buja akizoea kutazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Tanganyika, huwezi kumdanganya. Kisha akalalamika kwamba kila mtu anaongea Kifaransa tu. Hapo tulimwona anaonea kidogo, maana na kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa, na Gabriel ni mtoto wa Kinanira, wala si wa Buyenzi.

Binti yetu alikuwa na lake. Kitabuni Gabriel ndiye anayekusimulia, unakaa ndani ya kichwa chake na unacheka naye. Kwenye filamu unamtazama tu kwa nje, kama mtoto wa jirani. Tena mambo yanakimbizwa, kwa kuwa miaka ile yote imebanwa kwenye muda usiofika saa mbili. "Wamechukua vita wakaacha maembe," alisema. Hatukuwa na la kuongeza.

Lakini kasoro kubwa zaidi tuliiona sehemu ya pili, mama alipokuwa amerudi kutoka Rwanda alikokwenda kuwatafuta ndugu zake. Isabelle Kabano, Mnyarwanda mwenzetu, ameigiza sehemu hiyo vizuri mno, na ubora wake ndio uliotuumiza. Kitabuni, mama anapoeleza alichokikuta katika nyumba ya shangazi yake hapa Kigali, ni kurasa chache. Binti yetu alizisoma, akafunga kitabu, akaja kukaa jikoni karibu nasi bila kusema neno. Alikaa siku mbili ndipo akaendelea. Kitabu kilimngoja. Filamu haimngoji mtu. Mdogo, wa miaka tisa, alikuwa amejifunika uso kwa mto, nasi tulimwona, lakini tukaona haya kuizima kwa sababu Bibi alikuwa anaangalia. Kosa hilo ni letu wazazi, hatumsingizii Barbier.

Usiku yule mtoto hakulala. Alikuja chumbani kwetu akauliza, "Na mama naye atakuwa vile?" Asubuhi yake akamwendea Bibi na kumuuliza kama na yeye alikuwa na ndugu huku Rwanda mwaka ule.

Tulishtuka. Bibi alikuwa na kaka yake huku, na sisi watu wazima tunajua, lakini katika nyumba yetu jambo hilo halijawahi kutajwa mbele ya watoto. Bibi alinyamaza kitambo, tasbihi mkononi, kisha akamtaja kaka yake kwa jina. Jina tu, basi. Akainuka akaenda kuteka maji ya kutilia udhu, ingawa adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Rafiki yetu mmoja alipoyasikia haya alisema basi filamu imefanya kazi yake. Sisi hatukubali. Mlango ule ulikuwa wa Bibi kuufungua, kwa siku yake mwenyewe, na filamu iliupiga teke kwa niaba yake.

Tangu hapo binti yetu anamsomea Bibi kitabu baada ya isha, akikigeuza kwa Kiswahili sentensi moja moja. Maembe walikwisha yapita, na Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Mamba naye wamempita. Walipokaribia safari ya mama kuja Rwanda, Bibi alisema, "Weka alama hapo." Alama ni kipande cha karatasi ya kalenda, na kitabu kiko juu ya kabati yake. Huu ni mwezi wa pili. Mdogo humuuliza kila Ijumaa kama wataendelea leo, naye humjibu, "InshaAllah, mjukuu wangu, si leo."