Ulimi Nilioudhania Safi

Msomaji, nilipokuwa mtoto, tusi la nguoni lilikuwa kaa la moto lisiloshikika. Siku moja nililitamka mbele ya wageni, na mama akanipaka pilipili midomoni. Tangu siku hiyo nilijihadhari. Nilikua, nikaoa, nikapata nyumba na majirani, wala hakuna aliyepata kunisikia nikitaja jambo la aibu. Niliuona ulimi wangu kuwa safi, nami nilijivunia usafi huo.

Uzito wa tusi, hata hivyo, haukai mahali pamoja. Mwaka 1914, mchezo wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion ulipoonyeshwa London, neno moja la Kiingereza linalotokana na jina la damu lilizua gumzo kubwa kwa kuwa lilitamkwa jukwaani na mwanamke. Leo Mwingereza hulisikia neno lile asigeuze shingo. Kwetu Kenya mambo ni hayo hayo. Maneno ambayo wazee wetu hawakuthubutu kuyataja mbele ya mkwe, vijana huyatupiana ndani ya matatu mfano wa salamu, wakacheka. Mzee aliyeketi karibu nao hutazama dirishani, na kimya chake si ridhaa.

Lakini lipo tusi jingine ambalo wengi wetu hatukulihesabu kuwa tusi. Nalo ni jina la dharau lililotungiwa kabila la mtu. Mimi nilikuwa nalo moja la kumwitia jirani yangu. Nililitamka kwa mzaha kila tulipoonana uani, naye alicheka; nikadhani kicheko chake ni radhi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fitina iliwaka nchini. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu walihama makwao. Asubuhi moja ya Januari 2008 nililikuta jina lile limeandikwa kwa makaa langoni pa jirani yangu. Mkono ulioliandika haukuwa wangu, lakini neno nililijua. Aliondoka na watoto wake bila kuniaga.

Mwaka huo huo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Anayechochea chuki ya kikabila kwa maneno aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au kufungwa muda usiozidi miaka 3, au kupewa adhabu zote mbili.

Sikuambii, msomaji, kwamba tusi la nguoni limekuwa jema. Adabu ni vazi, na aneneaye ovyo hujivua mwenyewe. Lakini jina la dharau humvua mwingine utu wake. Basi kabla hujanena, usiulize tu kama neno litamwaibisha mzee. Uliza pia litamwacha wapi yule unayemwita. Pilipili ya mama iliniwasha saa moja. Jina lile laniwasha hata leo.