Kila Metali Chuma

Gari aina ya Peugeot 404 lilikaa chini ya mwembe miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki. Aina hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na marehemu hakuchoka kulisimulia jambo hilo. Mwanawe alipoazimia kulifufua, nia yake ilikuwa moja tu: mamake alipande tena kwenda kanisani.

Bloku ya injini hiyo ni ya chuma, bali kichwa chake ni cha alumini. Fundi chipukizi wa jua kali, aliyezoea kuondoa grisi na rangi kuukuu kwa kostiki soda, alikitumbukiza kichwa hicho ndani ya pipa la dawa hiyo, akaenda zake kunywa chai. Chuma hakidhuriki kwa soda, alumini huliwa. Aliporudi, mapovu ya haidrojeni yalikuwa yakifoka (gesi ambayo cheche moja ingeilipua) na metali imekuwa nyeusi kama chungu. Weusi ungesuguliwa ukatoka. Lakini uso unaokutana na gasketi ulikuwa umetoboka vishimo.

Yamkini lawama si ya kijana peke yake. Katika gereji zetu kila metali huitwa chuma, na jina likiwa moja, dawa nayo huwa moja.

Fundi mzee aliyeitwa alipitisha ukucha juu ya vishimo vile, kimya. Kisha akaagiza mafuta ya taa, brashi laini, maji vuguvugu na sabuni isiyo kali. Mchanga wa kupulizia aliukataa katakata, kwani chembe zake hujificha katika njia za oili na kuja kuisaga injini baadaye. Uso wenyewe ulisawazishwa kwa mashine, ukanyolewa kidogo iwezekanavyo. Kila unyoaji huongeza mgandamizo ndani ya silinda, na kilichonyolewa hakiroti tena. Kijana, kwa kutaka kuifuta aibu yake, aliomba akisugue king'ae kama kioo. Mzee alimkatalia: kilitoka kiwandani kijivu, na utando wa oksidi uliokivika ndio unaokilinda.

Mama alipohadithiwa mkasa wa pipa, alicheka.

"Mbona hamkuniuliza? Sufuria yangu huwa nyeusi vivyo hivyo nikiutia githeri magadi."