Mti Unaovuliwa Gome

Katika nchi ya Buganda, baina ya migomba na mibuni, husimama mti ambao mgeni aghalabu huupita bila kuutazama mara mbili. Waganda huuita mutuba. Ni wa jamii ya mikuyu, una utomvu mweupe na kivuli chema kwa kahawa iliyo chini yake. Na mwenye shamba huupanda mpakani pia, ili kila jirani ajue ardhi yake inapokoma. Hata hivyo si kivuli wala mpaka vilivyoupatia mti huo heshima. Heshima yake imetokana na jambo ambalo kwa miti mingi lingekuwa ni mauti: huvuliwa gome lake kulizunguka shina lote, nao haufi.

Aliyelelewa shambani anajua kwamba kukata gome la mti mzunguko mzima ni kuuua. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Njia hiyo ikikatika, mizizi hufa njaa na mti hukauka ungali umesimama. Basi mutuba hupona kwa siri gani? Siri imo katika majira na katika mkono wa fundi. Kazi hufanywa wakati wa mvua, gome linapoachana na shina kwa urahisi. Fundi hukata mstari mmoja juu na mmoja chini, akaunganisha kwa mmoja wa wima, kisha hulibandua gome taratibu kwa kabari iliyochongwa katika shina la mgomba. Hatumii chuma hapo, kwa kuwa chuma kingelijeruhi lile tabaka jembamba lililo hai, ambalo ndilo litakalozaa gome jingine. Shina likishabaki uchi, hufungwa majani ya mgomba pande zote, kama mtoto mchanga afungwavyo nguo, lisije likakaushwa na jua na upepo. Baada ya siku kadhaa majani huondolewa, na ngozi mpya imekwisha kuanza. Mti uliotunzwa vema huweza kuvunwa hivyo kwa muda wa miaka 40.

Gome lenyewe hulainishwa kwa maji ya moto au mvuke, likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ile mipana kwanza na ile myembamba mwisho, mpaka litanuke na kuwa nguo. Kisha huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Ndiyo lubugo, kazi ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, ambao mkuu wao huitwa Kaboggoza. Wafalme waliivaa na watu wa kawaida waliivaa, mpaka misafara ya wafanya biashara wa Kiarabu ilipoleta nguo za pamba katika karne ya 19. Tangu hapo imebaki kuwa vazi la sherehe na sanda ya kuzikia. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza sanaa hiyo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Mafundi wanajua jambo jingine, ambalo mtazamaji hawezi kulikisia. Gome la kwanza, lile ambalo mti ulikua nalo tangu uchanga wake, si bora. Nguo yake ni nzito tena hukwaruza. Nguo laini, ile ya kuvaliwa na wakubwa, hutoka katika magome yaliyoota baada ya kuvuliwa.

Yapo magome ya namna nyingine, na mojawapo ni sare. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda iliwaachisha jeshi askari zaidi ya 30,000. Walipewa vifaa vya kuanzia maisha, mabati ya kuezekea yakiwamo. Mabati huzuia mvua, lakini hayamwambii mtu yeye ni nani asubuhi isiyo na tarumbeta wala gwaride. Na kila mwaka wako wengine, wa jeshi na wa polisi, wa nchi hiyo na wa nchi nyingine, wanaovuliwa sare kwa umri au kwa jeraha.

Kijiji hakikosi sajini wa namna hiyo. Huamka saa kumi na moja alfajiri pasipo mtu wa kumwamsha, akapiga rangi buti ambazo hakuna afisa atakayezikagua. Huwaamuru watoto wake kama makuruti. Akitumwa dukani kununua chumvi huona kwamba ameshushwa cheo. Watu humcheka, na kumcheka ni rahisi tena si haki. Kwani alipokabidhi sare yake alikabidhi pamoja nayo jina aliloitwa kwa miaka ishirini, na hakupewa jingine mahali pake.

Mkewe naye amevuliwa, ijapokuwa hakuna anayemwuliza. Kule kambini alikuwa na majirani wa kila kabila, wakiazimana moto na sufuria kwa Kiswahili. Sasa yuko katika kijiji cha wazazi wa mumewe, na Kiswahili chake, akifungua kinywa kisimani, kwa wenzake ni lugha ya askari. Hunyamaza. Jioni hukaa na mwanamume anayesubiri kupigiwa saluti, naye moyoni anamsubiri yule aliyeondoka naye ujanani.

Hapo ndipo faraja nyingi za watu hukosea njia. Huambiwa, “Mtarudi kuwa kama zamani.” Mutuba haurudi kuwa kama zamani; gome lililokwenda limekwenda, na linaloota ni jingine. Wako na wale wanaomwambia mume, “Sasa wewe ni raia tu.” Hilo neno “tu” ndilo chuma ambacho fundi hakukubali kukishika. Kinachofaa ni majani ya mgomba, nayo katika nyumba ni mambo madogo kabisa: mke kumwomba ushauri juu ya ada ya shule badala ya kumficha deni, na mume kumsindikiza kisimani hata aseme mwenyewe na wale wanawake. Tena ni mambo ya muda, maana siku kadhaa za mti ni miaka kadhaa ya mtu.

Lakini mfano huu usivutwe kupita kiasi chake. Mti hauoni haya. Na aliyepoteza mguu vitani hataota mwingine, kwa kuwa mguu ni tawi, si gome. Amwambiaye vinginevyo anamtesa. Kinachoweza kuota kwake ni ile ngozi ambayo mtu hukutana nayo na wenzake, na pengine hiyo itakuwa laini kuliko ile ya kwanza. Watoto wengi wa askari hawakupata kumjua baba yao mpaka alipoketi nyumbani na gongo lake.

Mutuba una tabia ya pili, nayo humhusu zaidi yule mama. Haupandwi kwa mbegu. Hukatwa kigingi kinene, kisicho na mzizi hata mmoja, kikachimbiwa mahali pageni mvua zinapoanza. Majuma ya mwanzo hakina tofauti na nguzo ya ua, na mbuzi hujikuna hapo. Kisha huchipua.

Mvua za Machi zinapoanza, wake kwa waume hutoka mipakani na vigingi vyao. Huyu hushika kigingi kisimame wima, na huyu hurudishia udongo akaushindilia kwa kisigino. Kwa kazi hiyo hakuna kiatu kinachofaa kuliko buti la jeshi, hata kama asubuhi lilikuwa limepigwa rangi.