Barabara Isiyo na Msiba

Wapendwa, tunaanza na ungamo. Mwaka ule tulipoaga kwenda likizo, mzee mmoja wa kanisa alituuliza tunaelekea wapi. Tukamjibu kwamba tunapanda Lushoto. Akasikitika kidogo, kisha akauliza, "Kuna mgonjwa huko, Mchungaji?" Tukaitikia kwamba yupo. Akatuombea safari njema, akamwombea na mgonjwa wetu.

Hakukuwa na mgonjwa. Tulikuwa tunakwenda kuendesha gari milimani, basi. Mafuta tulinunua kwa fedha zetu, siku zilikuwa zetu kwa haki, wala hakuna ibada tuliyoiacha bila mtu wa kuiongoza. Sasa kwa nini mume na mke, mmoja wao akiwa mtumishi wa madhabahuni, waseme uongo kwa jambo jepesi namna hiyo? Swali hilo limetusumbua kuliko uongo wenyewe.

Kwa miaka 12 ya ndoa, kila barabara tuliyosafiri pamoja ilikuwa na sababu. Tulikwenda kuzika, kufungisha ndoa, kubariki nyumba, kuhudhuria vikao. Kiti cha nyuma hakikukaa kitupu: alikuwapo mzee wa kanisa, au mwanakwaya na ngoma yake, au mfiwa aliyelia njia nzima. Tulifika hatua ya kuziita barabara kwa majina ya marehemu: hii ni ile ya msiba wa Mama fulani, ile ni ya Babu fulani. Nyumbani mazungumzo yetu yalikuwa ratiba tu. Mwaka huo presha ya mchungaji ikapanda, daktari akamwamuru apumzike. Alipumzika siku 2, Jumapili akapanda mimbarani. Mama mchungaji hakusema neno. Ukimya wake ulitutisha kuliko kipimo cha daktari.

Milima ya Usambara tulikuwa tunaijua kwa mbali. Enzi za masomo ya theolojia kule Makumira, basi lilipita Mombo, na mwanafunzi aliyebahatika kukaa dirishani aliiona imesimama kama ukuta wa bluu, na kibarabara kikipotelea ndani yake. Mchungaji kati yetu alijiambia, "Ipo siku." Siku hiyo ilichukua karibu miaka 20 kufika.

Pale Mombo unaiacha barabara kuu iendayo Arusha na kukata kuelekea mlimani. Ni lami ya kilomita zipatazo 32 mpaka mji wa Lushoto, na karibu zote ni kona. Unaanza chini kwenye joto na mkonge. Unamalizia kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako watu huvaa masweta. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo. Njia ni nyembamba, hivyo ukifika kwenye kona isiyoonyesha mbele unapiga honi na kutega sikio. Lori lililobeba mzigo likiwa linapanda, unalipa nafasi, maana likisimama kuondoka kwake ni kazi.

Utamu wa barabara hii uko hapo hapo kwenye ugumu wake. Haikuruhusu uwaze kitu kingine. Unapunguza mwendo kabla ya kona, unashika gia yako, unaingia taratibu, na ukishaona njia imenyooka unaongeza moto. Halafu tena, na tena. Bajeti ya usharika, paa lisilokwisha, ugomvi wa kwaya mbili, vyote vilibaki Mombo. Baada ya kona kama ya kumi tuligundua kwamba hatujazungumza kwa muda, na kwamba ukimya huu haukuwa ule wa nyumbani.

Soni tukasimama kutazama maporomoko ya maji, tukanunua mapeasi kando ya barabara. Mama mchungaji alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula, ndipo akasema, "Baba Eliya, unajua hii ni mara ya kwanza umeniendesha mahali ambapo hakuna mtu anayetusubiri?"

Baba Eliya hakuwa na jibu. Alimenya peasi lingine, akampa.

Kesho yake tulikwenda Irente, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini. Pale ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu ya jabali na chini yako kabisa yamelala mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika isiyo na mwisho, na magari ya barabara kuu yanaonekana kama siafu. Lakini tukiri na hili: njiani tulijikuta tunatafuta kibao cha kituo cha watoto cha kanisa letu kilichoko Irente, si kwa upendo wa watoto, bali ili safari ipate sababu. Tungepiga picha, tungetoa sabuni na sukari, na uongo wetu ungepungua ukali. Mama mchungaji ndiye aliyekataa. "Watoto wale tutawajia kwa ajili yao," alisema. "Leo tusiwatumie."

Siku ya tatu tukapita katikati ya msitu wa Magamba, ambako baridi huingia hata vioo vikiwa vimefungwa, tukapita Lukozi penye magunia ya kabichi na karoti, tukashika njia ya vumbi kuelekea Mtae. Mtae ni kijiji kilichojengwa ukingoni mwa mlima. Nyika ya Mkomazi imetandikwa chini yake. Pande hizo hizo za juu ndiko iliko Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel walianza kazi mwaka 1891. Tuliwakumbuka, wao na wenyeji waliowabebea mizigo, waliopanda kwa miguu milima hii tuliyokuwa tukiipanda kwa starehe. Lakini hatukuikimbilia historia ili itupe ruhusa ya kuwapo pale. Tulikaa tu, tukatazama kivuli cha wingu kikivuka nyika, mpaka jua lilipoanza kushuka.

Tulipoiacha Lushoto kurudi nyumbani, mlima ukatufundisha. Tuliteremka tukiwa na furaha, gia namba nne, mguu juu ya breki kila kona. Kabla ya Soni tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kona iliyofuata, pedali ikazama kuliko kawaida na gari likachelewa kutii. Mama mchungaji alishika mkono wa mlango. "Baba Eliya, simama." Tulirudisha gia hadi ya chini kabisa, injini ikalia, tukasogea kwenye uwazi ulio upande wa mlima, gari likasimama. Tukaweka mawe kwenye matairi. Miguu ya dereva ilikuwa inatetemeka.

Lori la mboga likasimama nyuma yetu, akashuka dereva mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulipanda na gia namba ngapi, mwanangu?"

"Mara nyingi namba mbili."

"Basi shuka na namba mbili. Mlima huu hauteremkwi kwa breki. Breki ni ya kusimamishia gari. Ya kuteremshia ni gia. Ukiikanyaga mfululizo inapata moto, na ikipata moto siku unayoihitaji haipo. Ngojeni ipoe yenyewe, msiimwagie maji."

Hatukuvaa kola siku hiyo. Hakujua kwamba anamhubiria mchungaji.

Tulikaa pale kwa muda mrefu, breki zikipoa, na tukazungumza kama hatukuwahi kuzungumza kwa miaka. Tuliona kwamba ndivyo tulivyokuwa tumeishi. Mwaka mzima tunakwenda kasi, kisha daktari akipiga kelele tunakanyaga breki, siku 2, halafu tunaachia. Mapumziko kwetu yalikuwa breki ya dharura. Lakini Mungu hakuiweka siku ya kupumzika kwa ajili ya watu waliokwisha kuungua. Aliiweka kila juma, ndani ya mwendo wenyewe, kama gia. Na katika Marko 6 Bwana Yesu aliwaita mitume wakapumzike mahali pa faragha siku ambayo watu walikuwa wengi na kazi ilikuwa haijaisha.

Pale pale tulipata na jibu la uongo wetu. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anaposhughulikia kifungu cha kwanza cha imani, anatufundisha kwamba Mungu ametuumba na kutupa vyote tulivyo navyo kwa wema wake wa kibaba, bila sisi kustahili. Tumelifundisha somo hilo kwa vipaimara miaka yote. Lakini tulipopewa siku 4 na milima, tuliona haya kuvipokea mikono mitupu. Ilibidi tumtafute mgonjwa ili tustahili. Tulikuwa tunahubiri neema na kuishi kwa matendo, na matendo yenyewe tuliyabuni.

Tuliteremka hadi Mombo kwa gia namba mbili, polepole, injini ikiunguruma, mguu ukigusa breki kwa nadra. Watu walitupita. Tuliona vitu ambavyo hatukuviona tulipopanda: migomba iliyoshikilia mteremko, mto ukimetameta korongoni, watoto wakirudi shule wakitupungia.

Jumamosi iliyofuata tulimtembelea yule mzee wa kanisa nyumbani kwake. Alianza yeye: "Mgonjwa anaendeleaje?" Tukamwambia kweli yote. Alinyamaza, na tulidhani tumepoteza heshima yake. Akamtazama mkewe aliyekuwa anachambua mchele mlangoni. Wana miaka zaidi ya 40 ya ndoa, na kila safari yao tunayoijua ilikuwa ya msiba au ya hospitali.

"Kudanganya mmekosea," alisema. "Nilimwombea mtu asiyekuwapo." Kisha akasogeza kiti. "Sasa nielezeni. Hiyo barabara ikoje?"

Tukamweleza kona kwa kona. Mkewe aliacha mchele, akaja kukaa karibu.

Ndugu msomaji, huenda barabara yako si ya Lushoto, na huenda huna gari. Tunakuuliza hili tu: ni lini mara ya mwisho ulikwenda na mwenzako mahali ambapo hakuna anayewasubiri, ukampa Mungu shukrani, wala usimtafute mgonjwa?